Kuandika Fezi kwa Usahihi: Amadinda za Jumba la Makumbusho la Uganda, Kamwokya, na Michoro ya Mwitikio wa Masafa

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna fezi, yaani nafasi ya tukio ndani ya mzunguko unaojirudia, ilivyoandikwa na inavyopaswa kuandikwa. Hoja inajengwa juu ya historia mbili: historia ya muziki wa amadinda uliofundishwa katika Jumba la Makumbusho la Uganda, Kamwokya, na historia ya michoro ya mwitikio wa masafa inayotumiwa na wahandisi wa mifumo ya udhibiti. Makala yanadai kwamba fezi iliyoandikwa bila sifuri iliyotajwa na bila hesabu ya mizunguko kamili ni nusu ya habari. Nusu inayokosekana ndiyo inayotenga wimbo mmoja na mwingine, na mtambo uliotulia na ule unaoyumba.

1. Utangulizi

Duara halina mwanzo wake lenyewe. Anayelitumia ndiye anayechagua mahali pa kuanzia kuhesabu. Wasemaji wa Kiswahili wanalijua jambo hili kila wanapotaja saa. Saa moja asubuhi ya Kiswahili ni saa ambayo Mwingereza huiita ya saba. Vivyo hivyo kwa Luganda, ambamo ssaawa emu huanza kuhesabiwa baada ya mapambazuko. Jua ni lile lile na akrabu ya saa imesimama pale pale. Kilichotofautiana ni sifuri, na tofauti yenyewe ni saa 6 katika duara la saa 12, yaani nusu duara, au digrii 180. Hakuna aliyekosea kati ya hao wawili, ila kosa hutokea pale ambapo mmoja anaandika namba bila kusema anahesabu kutoka wapi.

Kiswahili kimekwenda mbele zaidi. Msemaji akiambiwa "saa tatu", bado hajui ni ya mchana au ya usiku, na akiambiwa "usiku" bado hajui ni usiku wa siku ipi. Ndiyo maana magazeti na taarifa za habari husema "usiku wa kuamkia Jumanne". Maneno hayo hayabadilishi nafasi ya akrabu hata kidogo. Yanaongeza hesabu ya mizunguko: yanaeleza duara limekwisha kuzungukwa mara ngapi. Mambo hayo mawili, sifuri na hesabu ya mizunguko, ndiyo yanayoongoza uchambuzi katika makala haya.

2. Kamwokya na mwaka 1954

Jumba la Makumbusho la Uganda lilianzishwa mwaka 1908 na makao yake ya awali yalikuwa katika kilima cha Old Kampala. Katika miaka ya 1940 mikusanyo yake ilihamishiwa Makerere, na mwaka 1954 ikapata makao yake ya sasa katika Barabara ya Kira, Kamwokya, katika jengo lililosanifiwa na msanifu majengo Mjerumani Ernst May. Aliyekuwa mhifadhi wa jumba wakati huo ni Klaus Wachsmann, mtaalamu wa muziki mzaliwa wa Berlin aliyefika Uganda mwaka 1937. Kati ya 1949 na 1954 Wachsmann alirekodi muziki katika sehemu nyingi za nchi. Rekodi hizo, zaidi ya 1,500, zimehifadhiwa katika Maktaba ya Uingereza, London.

Chini ya Wachsmann ala za muziki hazikukaa kimya nyuma ya vioo. Wapigaji waliajiriwa kuzipiga mbele ya wageni na kuwafundisha waliotaka kujifunza. Mashuhuri kati yao alikuwa Evaristo Muyinda, mpigaji aliyelelewa katika muziki wa Lubiri, ikulu ya Kabaka wa Buganda. Kwa njia hiyo ufundi wa ndani ya ua wa kifalme ulipata mlango wa pili, uliokuwa wazi kwa kila apitaye Barabara ya Kira.

Mwaka huo huo wa 1954, tarehe 29 Aprili, Malkia Elizabeth II alizindua bwawa la umeme la Owen Falls, Jinja. Umeme uliotoka huko ulikuwa wa aina ambayo mafundi wa Afrika Mashariki huiita umeme wa njia tatu: mikondo mitatu inayopanda na kushuka kwa masafa yale yale, kila mmoja ukiwa nyuma ya mwenzake kwa theluthi moja ya mzunguko, yaani digrii 120. Mwaka mmoja, kwa hiyo, uliikutanisha Uganda na fezi kwa namna mbili. Moja ilikuwa katika nyaya za shaba. Nyingine ilikuwa ya zamani zaidi, nayo ilikuwa katika mbao za marimba.

3. Amadinda: kuingia katikati

Amadinda ni marimba ya mbao 12 zinazolazwa juu ya magogo mawili ya mgomba. Wapigaji wake ni watatu. Wawili wa kwanza huketi wakitazamana, kila mmoja upande wake wa mbao. Omunazi ndiye aanzaye, na sehemu yake huitwa okunaga. Omwawuzi huingia baada yake, na sehemu yake ni okwawula, neno lenye maana ya kutenganisha au kugawa. Kila mmoja hupiga mfululizo wake kwa mwendo ulio sawa, pigo baada ya pigo, na mapigo ya omwawuzi huangukia katikati kabisa ya mapigo ya omunazi. Wa tatu, omukoonezi, ana mbao mbili za juu tu. Kazi yake ni kurudia, kwa sauti ya juu, zile sauti mbili za chini kabisa zinazojitokeza katika mchanganyiko wa wenzake.

Kwa lugha ya mhandisi, omunazi na omwawuzi wana masafa yale yale na wametofautiana kwa digrii 180. Katika akadinda, marimba kubwa zaidi yenye mbao 17 au 22, waawuzi huweka mapigo mawili kati ya kila mapigo mawili ya waanzaji, na mgawanyo unakuwa wa digrii 120, sawasawa na ule wa umeme wa njia tatu.

Lakini kusema "digrii 180" hakutoshi. Ili kuliona jambo hili, na uchukuliwe mfano mfupi wa kubuni, wenye mapigo matatu tu kwa kila mpigaji. Omunazi anapiga 1, 3, 5 na kurudia. Omwawuzi anapiga 2, 4, 4 na kurudia. Akianza na 2 mara tu baada ya 1 ya mwenzake, kinachosikika ni 1 2 3 4 5 4. Akichelewa kwa pigo moja kamili la mwenzake, 2 yake inaangukia baada ya 3, na kinachosikika ni 1 4 3 2 5 4. Akichelewa tena kwa pigo moja, ni 1 4 3 4 5 2. Katika hali zote tatu omwawuzi ameingia katikati barabara. Kipimo chochote kinachotazama pigo moja tu kitasoma digrii 180 mara zote tatu, ilhali nyimbo ni tatu tofauti.

Nyimbo halisi za amadinda zina mizunguko mirefu zaidi, na ile ya mapigo 24 na 36 ni ya kawaida. Katika mzunguko wa 24 kila mpigaji ana mapigo 12, kwa hiyo zipo namna 12 za kuingia katikati, na iliyo sahihi ni moja. Ikiwa pigo moja la omunazi litahesabiwa kuwa digrii 360, basi namna hizo 12 ni 180, 540, 900 na kuendelea hadi 4,140. Zote huonekana kuwa 180 ikiwa mizunguko kamili itatupwa. Anayeitupa ametupa wimbo.

Wapigaji wenyewe walikuwa na ulinzi dhidi ya kosa hili. Omukoonezi hana mfululizo unaojitegemea. Sehemu yake inazaliwa na mchanganyiko wa wenzake. Omwawuzi akiingia mahali pasipo pake, sauti mbili za chini zitaangukia mahali pageni, na omukoonezi aliyeuzoea wimbo hataipata sehemu yake. Mtu wa tatu ni mshiriki na ni mkaguzi pia.

4. Kutoka mbao hadi karatasi

Mwaka 1955 Joseph Kyagambiddwa, mtunzi wa Kiganda, alichapisha New York kitabu kiitwacho African Music from the Source of the Nile, ambamo nyimbo nyingi za amadinda ziliwekwa katika maandishi. Miaka michache baadaye Gerhard Kubik, kijana kutoka Vienna, alifika Kampala na kujifunza amadinda na akadinda kwa Muyinda. Matokeo yake yalianza kuchapishwa katika jarida la African Music mwaka 1960, na mwaka 1962 yakafuatiwa na makala yake kuhusu miundo ya sauti inayojitokeza masikioni ingawa hakuna mpigaji hata mmoja anayeipiga.

Makala hayo ya 1962 yanasaidia kueleza kwa nini rekodi peke yake haikutosha. Amadinda hupigwa kwa kasi kubwa. Sikio haliwezi kuufuata mkono mmoja mmoja. Hukusanya sauti zilizo karibu kwa kimo na kuzisikia kama wimbo mmoja. Anayesikiliza kanda anasikia jumla. Jumla hiyo haisemi pigo lipi ni la nani, wala nani alitangulia. Ilibidi mwanafunzi aketi penye mbao, apewe okunaga mpaka mkono uizoee, kisha mwalimu aingie katikati. Hapo ndipo lilipodhihirika jambo ambalo limewasumbua wageni wengi: omwawuzi hajisikii kuwa anapiga "nje ya pigo". Kwake, mapigo yake mwenyewe ndiyo msingi, na ya mwenzake ndiyo yaliyo katikati. Kila mmoja ana sifuri yake. Mwandishi anayemfanya omunazi kuwa pigo la kweli na omwawuzi kuwa kivuli chake amechagua sifuri, kisha akaisahau na kuifanya kuwa tabia ya muziki.

Uandishi uliotumiwa na Kubik unafaa kwa sababu hauifichi fezi. Sauti tano za Kiganda hupewa tarakimu 1 hadi 5. Sehemu mbili huandikwa katika mistari miwili, mmoja juu ya mwingine. Na nukta huwekwa mahali ambapo mwenzake ndiye anayepiga. Msomaji huona kwa jicho 2 ya chini inaangukia baada ya namba ipi ya juu. Mizunguko haijakunjwa, imenyooshwa juu ya mstari.

Wengine waliendeleza kazi hiyo. Lois Anderson aliandika tasnifu yake ya mwaka 1968 kuhusu miko, utaratibu wa kuuhamisha wimbo mmoja katika nafasi tofauti za mbao. Peter Cooke, mwaka 1970, aliwaelekeza watafiti kwenye wimbo unaoimbwa. Luganda ni lugha ya toni, na maneno yana mwanzo na mwisho wake. Maneno hayo yanaweza kuwa nanga ya mzunguko ambao kwa mbao peke yake hauna mwanzo.

5. Michoro ya wahandisi

Wahandisi nao walilifikia swali lile lile kwa njia ya simu. Agosti 1927 Harold Black wa Bell alibuni kikuza sauti chenye mrejesho hasi, ambacho sehemu ya kinachotoka hurudishwa mwanzoni ili kupunguza makosa. Hatari yake ni kwamba mrejesho uliochelewa kwa nusu mzunguko hugeuka kuwa chanya, na badala ya kutuliza huchochea. Mwaka 1932 Harry Nyquist alionyesha namna ya kutambua hatari hiyo: huchorwa mkunjo unaounganisha ukuzaji na fezi kwa masafa yote, kisha huhesabiwa mara ambazo mkunjo huo unaizunguka nukta moja maalumu. Tangu mwanzo, basi, uthabiti ulitegemea hesabu ya mizunguko.

Hendrik Bode, wa Bell vilevile, aliweka mambo hayo mawili katika michoro miwili iliyonyooka, nayo ikaenea baada ya kitabu chake cha 1945. Mmoja huonyesha ukuzaji kwa desibeli, mwingine huonyesha fezi kwa digrii, na yote miwili ina masafa kwenye mstari wa chini. Ugumu wa mchoro wa pili hutoka katika hesabu inayoutengeneza. Kompyuta inayotafuta pembe ya namba changamano hurudisha jibu lililo kati ya −180 na +180 tu. Kompyuta haijui ni usiku wa kuamkia lini.

Mfano mmoja watosha. Chukua mfumo wenye kijumlishi kimoja na hatua mbili zinazochelewesha, kila moja ikiwa na muda wa tabia wa sekunde 1. Kwenye masafa ya chini kabisa fezi iko karibu na −90, kwa kuwa kijumlishi huchelewesha kwa robo mzunguko. Inashuka hadi −180 kwenye radiani 1 kwa sekunde, na huendelea kushuka ikielekea −270. Mchoro wa programu isiyojali utafika −180, kisha utaruka ghafla hadi +180 na kushuka kuelekea +90. Mfumo uliokuwa ukichelewa zaidi na zaidi unaonekana kana kwamba umewatangulia wote.

Madhara si ya urembo wa mchoro. Mfumo huo ukifungiwa mrejesho hubaki thabiti ikiwa ukuzaji wake ni chini ya 2. Ukiwekwa 4, ukuzaji wa njia nzima hufikia 1 karibu na radiani 1.38 kwa sekunde, na fezi ya hapo ni takriban −198. Akiba ya fezi hupatikana kwa kuongeza 180, na jibu ni −18: mfumo utayumba na mayumbo yatakua. Mchoro uliokunjwa unasoma +162. Akiongeza 180, msomaji anapata akiba ya digrii 342 na kuusifu uthabiti wa mtambo usio thabiti. Pointi ile ile, kosa la mzunguko mmoja, hukumu mbili zinazopingana.

Tiba ina sehemu mbili, nazo ni zile zile za amadinda. Kwanza ni kuitaja sifuri: kuanza kwenye masafa ya chini, ambako fezi inajulikana kwa muundo wa mfumo, ikiwa 0 kwa mfumo wenye ukuzaji chanya usio na kijumlishi, na −90 kwa kila kijumlishi. Pili ni kuhesabu bila kukatiza: kufuata mkunjo hatua kwa hatua na kuondoa au kuongeza 360 kila programu inaporuka. Hatua ziwe ndogo. Fezi ikibadilika kwa zaidi ya 180 kati ya pointi mbili zilizopimwa, hesabu hupotea, kama apoteavyo msikilizaji aliyesinzia mapigo mawili. Na kuna mifumo ambayo bila hesabu hiyo haisomeki kabisa. Ucheleweshaji wa sekunde 0.1 kwenye masafa ya hezi 10 ni digrii 360 kamili. Mchoro uliokunjwa utasema 0, yaani hakuna kilichochelewa.

6. Mwaka 1966 na thamani ya hesabu

Swali hili lingebaki la wasomi kama si matukio ya Mengo. Tarehe 24 Mei 1966 majeshi ya serikali yaliushambulia Lubiri. Kabaka Mutesa II alikimbilia uhamishoni, na mwaka 1967 falme za Uganda zikafutwa kikatiba. Vikundi vya muziki wa ikulu vilitawanyika. Vijana hawakuwa tena na mahali pa kuketi mbele ya mbao mwaka baada ya mwaka mpaka omukoonezi wao aisikie sehemu yake. Falme zilirudishwa mwaka 1993. Kizazi kizima kilikuwa kimepita.

Katika kipindi hicho kumbukumbu za waliobaki, mafunzo ya watu kama Muyinda, kanda na maandishi vilibeba mzigo uliokuwa ukibebwa na ikulu. Hapo ubora wa maandishi ulipimwa. Andishi lililohifadhi mfululizo wa okunaga na mfululizo wa okwawula, lakini halikuonyesha mmoja unaingia wapi ndani ya mwingine, lilimwachia mwanafunzi milango 12 na ufunguo usio na jina. Andishi lililonyoosha mzunguko na kutaja mwanzo lilimwezesha mtu asiyewahi kumwona mwalimu kuufikia wimbo wenyewe. Ala hutengenezwa upya kwa mti na shoka. Fezi iliyopotea haitengenezwi kwa kukisia.

7. Suala la istilahi

Mafundi umeme wameshaizoea fezi, na husema pia njia. Waandishi wengine hupendekeza awamu, neno linalofaa kwa vipindi vya uongozi au miradi. Awamu, hata hivyo, humaanisha hatua inayopita na kufuatwa na nyingine. Awamu ya pili haiwi tena ya kwanza. Fezi hurudi. Kwa sababu hiyo makala haya yameshikilia fezi, na yanapendekeza fezi iliyokunjwa kwa ile inayowekwa kati ya −180 na +180, na fezi iliyonyooshwa kwa ile iliyohifadhi hesabu ya mizunguko. Tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 Kiswahili kimetajwa kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda, na vyuo vitakavyofundisha mifumo ya udhibiti kwa lugha hii vitahitaji tofauti hiyo siku ya kwanza ya somo.

8. Hitimisho

Historia hizi mbili hazikuchangiana chochote. Hakuna ushahidi kwamba waliochora michoro ya vikuza sauti walijua habari za okwawula, wala wapiga amadinda hawakuhitaji digrii ili waingie mahali pao. Zinalingana kwa sababu tatizo ni moja: mzunguko unapohamishiwa kwenye karatasi, karatasi hudai mwanzo na hutamani kukunja. Mwandishi mwaminifu huutaja mwanzo alioutumia na huhesabu mizunguko aliyoipita. Anayekagua mchoro wa fezi leo anaweza kujiuliza swali ambalo omukoonezi alilijibu kwa masikio yake penye mbao za Kamwokya: huyu wa pili ameingia katikati, ndiyo; lakini ameingia baada ya pigo lipi?